Taa, umati na barabara: Mambo ambayo familia za Kitui na Makueni zinafaa kujua kabla ya sherehe

MTOTO aliyezoea usiku wa Mutomo au wa Kathonzweni, ambako mwangaza wa mwezi bado una kazi yake, hushikwa na bumbuazi anapofikishwa jijini Nairobi mwezi wa Desemba na kuona miti iliyovishwa taa za rangi na fataki za mkesha wa Mwaka Mpya zikipasuka angani. Kwa mzazi, furaha hiyo ya mtoto hutosha kufidia nauli, uchovu na saa nyingi za foleni barabarani.

Siku hizi si lazima familia isafiri hadi jijini ili kuuona umati mkubwa. Sherehe nazo zimeanza kuwafuata wananchi mashinani. Mnamo Oktoba 20, 2025, Kaunti ya Kitui ilikuwa mwenyeji wa sherehe za kitaifa za Siku ya Mashujaa katika uwanja wa Ithookwe, zikiongozwa na Rais William Ruto. Siku iyo hiyo, Wahindu wengi kote duniani walikuwa wakiadhimisha Diwali, sikukuu yao ya taa.

Iwe ni Ithookwe mchana au Nairobi usiku, swali ni lile lile: familia itaingiaje katika umati, ifurahie, na kurejea nyumbani ikiwa kamili? Wahenga walisema ajali haina kinga. Hata hivyo, yanayowapata watu katika sherehe za aina hii, aghalabu, si ajali kwa maana hiyo. Yana sababu zinazojulikana, na kwa hivyo yana kinga.

Si kukanyagana

Maafa yanapotokea katika mkusanyiko, vyombo vya habari huyaita mkanyagano. Neno hilo hujenga picha ya watu walioingiwa na hofu, wakatimua mbio na kuwakanyaga wenzao. Picha hiyo hupotosha. Wengi wanaokufa katika mikasa hiyo hawakanyagwi. Hubanwa vifua hadi mapafu yakakosa nafasi ya kupanuka, na baadhi yao hukata roho wakiwa bado wamesimama wima.

Kiini cha hatari ni idadi ya watu katika eneo dogo. Watu wawili au watatu wakisimama katika mita moja ya mraba, kila mmoja anaweza kugeuka na kujiendea apendako. Wakizidi watano, kutembea huwa taabu. Mhandisi Mmarekani John Fruin, katika uchambuzi wake wa mwaka 1993, alieleza kwamba wakifikia takriban saba, umati hugeuka kuwa kama maji. Mtu hatembei tena kwa hiari yake bali huchukuliwa, na msukumo mdogo upande mmoja husafiri kama wimbi hadi upande wa pili.

Aidha, walio nyuma hawaoni yanayowasibu walio mbele. Wao huendelea kusukuma kwa nia njema kabisa, wakidhani kuwa foleni imekwama kidogo tu. Ndiyo maana langoni, kwenye ngazi na kwenye vijia vyembamba ndiko watu hufia, wala si katikati ya uwanja mpana.

Kenya imeyaonja hayo. Mnamo Oktoba 23, 2010, mashabiki saba walikufa katika msongamano kwenye uwanja wa Nyayo, Nairobi, siku ya mechi kati ya Gor Mahia na AFC Leopards. Miaka kumi na mitano baadaye, mnamo Oktoba 2025, makumi ya waombolezaji walijeruhiwa katika uwanja huo huo wakati wa ibada ya kumuaga aliyekuwa Waziri Mkuu, Raila Odinga. Siku tatu tu baada ya ibada hiyo, Ithookwe ilifungua malango yake.

Funzo kutoka Japani

Nchi ya Japani inatoa mifano miwili iliyo karibu sana kijiografia lakini iliyo mbali sana kwa matokeo.

Jiji la Kobe lilipigwa na tetemeko la ardhi mnamo Januari 17, 1995, na zaidi ya watu 6,000 wakafa katika eneo hilo. Desemba ya mwaka huo, wakazi walianzisha sherehe ya taa iitwayo Luminarie kuwakumbuka wafu na kuwapa matumaini waliosalia. Familia zimekuwa zikimiminika humo tangu wakati huo. Siri moja ya sherehe hiyo ni nyepesi: wageni huelekezwa kutembea upande mmoja tu, wakiingilia huku na kutokea kule, ili wanaokuja wasikutane ana kwa ana na wanaoondoka.

Katika jiji jirani la Akashi, kanuni hiyo haikufuatwa. Usiku wa Julai 21, 2001, maonyesho ya fataki yalipomalizika ufuoni, waliokuwa wakirudi kwenye kituo cha treni walikutana na waliokuwa wakielekea ufuoni, wote wakiwa juu ya daraja moja la wapita njia. Watu 11 walikufa, tisa kati yao wakiwa watoto. Baadaye mahakama iliwapata na hatia ya uzembe maafisa wa jiji, wa polisi na wa kampuni ya ulinzi.

Mambo mawili yanajitokeza hapo. Kwanza, wakati hatari zaidi wa sherehe si kuanza bali kumalizika, kwa kuwa waliofika mmoja mmoja kwa saa nyingi hutaka kuondoka wote kwa dakika kumi. Pili, wanaotangulia kuumia ni watoto, kwa sababu ya kimo chao. Mtu mzima hubanwa kifua lakini uso wake u hewani, ilhali uso wa mtoto wa miaka mitano umezingirwa na viuno na mikoba.

Kabla ya kutoka nyumbani

Mzazi anayefahamu hayo hahitaji vifaa vya gharama. Anahitaji mpango.

Kabla ya kuingia, familia ichague mahali pa kukutania iwapo itatengana: mnara, mti mkubwa au duka, lakini si langoni. Simu isitegemewe, kwa maana maelfu ya watu wanapopiga kwa pamoja mahali pamoja, mitambo ya mawasiliano huelemewa na simu hukataa kuingia. Ujumbe mfupi mara nyingi hupenya palipokwama sauti. Mtoto mdogo naye awekewe mfukoni karatasi yenye nambari ya simu ya mzazi, au iandikwe mkononi kwa kalamu ya wino.

Ndani ya umati, familia isimame pembeni badala ya mbele kabisa, na ijue lango lingine mbali na lile iliyoingilia. Iwapo watu wanagusana kila upande, ni wakati wa kuondoka. Iwapo mtu hawezi kuinua mkono hadi usoni, amechelewa, na hapo asishindane na umati. Ainue mikono mbele ya kifua kama mwanandondi ili kulinda nafasi ya kupumua, asiiname kuokota kitu kilichoanguka, amnyanyue mtoto, kisha ajisogeze kimshazari kuelekea ukingoni kila wimbi linapotulia.

La mwisho ni gumu kwa wengi: familia iondoke dakika kumi na tano kabla ya kilele, au ikae kitako nusu saa baada ya kumalizika. Watoto watanung'unika. Hata hivyo, nusu saa ya kula mahindi ya kuchoma huku umati ukipungua ni bei ndogo.

Kutoka kwenye taa hadi gizani

Hatari ya pili huanza pale ambapo wengi hudhani hatari imekwisha. Jicho lililotazama taa kali kwa saa mbili huhitaji takriban nusu saa kuzoea giza kikamilifu. Dereva anayetoka moja kwa moja kwenye mwangaza wa sherehe na kuingia katika barabara isiyo na taa huendesha kwa muda huo akiwa nusu kipofu, tena akiwa amechoka na akiwa amebeba watoto waliolala.

Anayerudi Makueni hupitia barabara kuu ya Mombasa. Barabara ya juu ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2022, imepunguza adha kati ya Westlands na Mlolongo kwa walio tayari kulipia. Lakini ikishafika ndani ya Makueni, kuanzia Salama, Sultan Hamud na Emali hadi Makindu, Kibwezi na Mtito Andei, sehemu kubwa ya barabara hiyo ina njia mbili tu, moja ya kwenda na nyingine ya kurudi, zinazotumiwa pia na malori ya bandari ya Mombasa. Kulipita lori hapo usiku ni kuingia katika njia ya anayekuja. Si foleni inayoua, kwani kwenye foleni magari hutambaa. Hatari huja foleni inapofunguka, dereva anapotaka kufidia saa alizopoteza. Sheria inaweka kikomo cha kilomita 80 kwa saa kwa magari ya abiria na 50 ndani ya miji, na saa zilizopotea hazikiongezi.

Kwa wakazi wa Emali, Kibwezi na Mtito Andei, upo usafiri mwingine. Treni ya abiria ya reli ya kisasa, iliyozinduliwa mwaka 2017, ina huduma inayosimama katika vituo hivyo vitatu. Tiketi za Desemba hata hivyo huisha mapema. Anayesafiri kwa gari naye anaweza kupumzika Makindu, ambako hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926, limejulikana kwa vizazi kwa kuwapa wasafiri chakula na malazi bila malipo na bila kuwauliza dini.

Mito ya Desemba

Anayeelekea Kitui kupitia Machakos, au kwa barabara ya Kibwezi na Mutomo inayounganisha kaunti hizi mbili, ana jambo la ziada la kuzingatia. Desemba ni mwezi wa sherehe, lakini Ukambani ni mwezi wa mvua pia. Mito mingi ya eneo hili huwa mchanga mtupu kwa miezi, kisha hujaa kwa muda mfupi kutokana na mvua iliyonyesha mbali, wakati pale kivukoni hakuna hata tone.

Mnamo Desemba 4, 2021, basi lililowabeba wanakwaya na waalikwa wengine kuelekea harusini eneo la Nuu lilisombwa na Mto Enziu, Mwingi, likijaribu kuvuka. Zaidi ya watu 30 walikufa. Nao pia walikuwa njiani kwenda kwenye sherehe, na sherehe hiyo ndiyo iliyofanya kungoja kuonekane kama hasara. Maji ya kimo cha sentimita 30 tu yanaweza kulielea na kulihamisha gari dogo, na sentimita 60 hutosha kuyasomba magari mengi makubwa zaidi. Palipo na maji yanayokwenda kasi juu ya daraja, jibu ni moja: kungoja.

Wajibu wa waandalizi

Ingekuwa dhuluma kuwatwika wazazi mzigo wote. Mzazi hawezi kupanua lango. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa serikali za kaunti majukumu ya burudani za umma, huduma za zimamoto na kukabiliana na majanga. Kwa hivyo Kitui na Makueni, zikialika watu, zinapaswa kuhesabu nafasi kabla ya kuhesabu wasanii. Watu wangapi watatoshea? Malango ya kutokea ni mangapi, na je, yatakuwa wazi au yamefungwa kwa kufuli? Gari la wagonjwa litapitia wapi? Ni nani mwenye mamlaka ya kusimamisha kuingia uwanja ukijaa?

Iwapo jambo litatokea, nambari 999 na 112 huwafikia polisi, 1199 huifikia Shirika la Msalaba Mwekundu, na 116 hushughulikia masuala ya watoto, akiwemo aliyepotea. Ni vyema nambari hizo ziandikwe kwenye karatasi ile ile ya mfukoni.

Taa hizo zitawashwa tena mwaka ujao, na mtoto aliyezikosa atakuwa na fursa nyingine ya kuziona. Jambo la muhimu ni awepo.