Gunia la Mahindi na Daktari wa Rorke's Drift

Njooni, wanangu, sogeeni karibu. Leo mwenye hadithi ni gunia la mahindi. Mnashangaa? Lisikilizeni.

"Mimi ni gunia. Nimejaa mahindi, uzito wangu karibu kilo 90. Nilikuwa Rorke's Drift, Afrika Kusini, kando ya Mto Buffalo. Ng'ambo ya mto ndiyo nchi ya Wazulu. Tarehe 22 Januari 1879, askari wa Uingereza walinitoa ghalani mbiombio, wakanipanga na wenzangu tukawa ukuta. Nyuma yetu kulikuwa na watu kama 150, wagonjwa wakiwamo. Mbele yetu wakaja Wazulu zaidi ya 3,000."

"Kwa nini walikuja, Mjomba?"

Umeuliza vizuri sana, mwanangu! Fikiria mgeni anaingia uani kwenu, anamwambia baba awatawanye vijana wote wanaolinda nyumba, la sivyo atapigwa. Ndivyo Waingereza walivyomwambia Cetshwayo, mfalme wa Wazulu: vunja jeshi lako. Hakulivunja. Waingereza wakavuka mto, wakaivamia nchi yake, ndiyo maana Wazulu wakaja kupigana nao. Siwezi kuwasimulia ushujaa wa siku ile bila kulisema hilo kwanza.

Haya, gunia, endelea.

"Kulikuwa na daktari, James Henry Reynolds. Kwao Ayalandi, mji wa bandari karibu na Dublin. Risasi zinanitoboa, mahindi yananimwagika, naye anafunga vidonda tu. Mara, walinzi wa hospitali wanahitaji risasi. Zimo ghalani. Lakini kati ya ghala na hospitali ni uwanja mtupu, na risasi zinaukata huku na huku. Nani ataenda? Daktari hakutumwa na mtu. Akazibeba. Akaenda, akarudi. Risasi moja ikampiga kofia. Akarudi kwa majeruhi wake."

"Kumbe hata daktari hupewa nishani ya vita?"

Alipewa! Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Kwa pambano lile moja zilitolewa 11. Mimi katika wote hao nampenda huyu, maana kazi yake ilikuwa kuziba vidonda.

Jioni paa la nyasi la hospitali liliwaka moto. Askari wakatoboa kuta, wakawapitisha wagonjwa chumba hadi chumba. Kulipokucha, Wazulu walikuwa wameondoka. Waingereza walikufa 17, Wazulu zaidi ya 300.

"Na Wazulu, Mjomba, nao walikuwa mashujaa?"

Sana, mwanangu, sana. Bunduki zao nyingi zilikuwa kuukuu. Wengi walikuja na mkuki na ngao. Waliuendea ukuta ule wa magunia, wakaanguka, wakauendea tena, mpaka usiku mkubwa. Wao pia walikuwa na tuzo yao ya vita. Iliitwa iziqu, mkufu wa vipande vya mti vilivyochongwa vikashikana, na shujaa aliuvaa kifuani hadharani, kila mtu akajua amefanya nini.