Aliyeviziwa Hakushindwa

Mpwa wangu alinipigia simu saa tatu usiku kutoka Bariadi, sauti imemkauka. Alikuwa amepoteza shoka, deraya, farasi na mzigo wa madini aliouchimba kila jioni kwa wiki tatu. Mali yote hiyo ilikuwa ndani ya simu, katika mchezo wa mtandaoni ambamo unamlea mhusika wako, anasafiri, anafanya kazi, anatajirika, na anaweza kuuawa na wahusika wa watu wengine. Watu wanne walimvizia kwenye kivuko. Yeye alikuwa peke yake, tena na mzigo.

"Mjomba, wameniua, halafu wakaanza kucheza juu ya maiti yangu."

Nikamuuliza kama sheria za mchezo zinakataza jambo hilo. Akasema hazikatazi. Basi unalalamikia nini? Alinyamaza kidogo, kisha akanijibu, "Si vizuri tu, mjomba."

Kazi yangu ni kuchunguza jinsi michezo ya kompyuta inavyoundwa, na nakiri kwamba jibu lile lilinikaa kichwani kuliko vitabu vingi nilivyosoma. Waundaji wa michezo hii wamekuwa wakihangaika na hilo "si vizuri tu" kwa zaidi ya robo karne. Na mimi, niliyezaliwa Kimali, Usukumani, mkoani Simiyu, nilikulia katikati ya watu waliokwisha kulifanyia kazi zamani, bila umeme wala mtambo.

Mwaka 1997 ulitoka mchezo uitwao Ultima Online, mmoja wa michezo ya kwanza kukusanya maelfu ya watu katika dunia moja ya kubuni. Nje ya miji, mtu yeyote aliweza kumuua yeyote na kuchukua alichobeba. Waundaji, akiwemo Raph Koster, walitarajia wachezaji wenyewe wajenge ulinzi wao: wema waungane, waovu wasakwe. Muuaji sugu jina lake liligeuka jekundu ili kila mtu amjue. Lakini wageni waliokuwa hawajui hata kushika upanga walichinjwa siku ya kwanza, na wengi hawakurudi. Mwaka 2000 kampuni iliamua kuigawa dunia hiyo mara mbili. Upande wa Felucca sheria za kale zilibaki, na upande wa Trammel hakuna aliyeweza kukupiga bila wewe kukubali. Watu wengi wakahamia Trammel.

EVE Online, mchezo wa vyombo vya anga uliotoka Iceland mwaka 2003, ulichukua njia nyingine. Katika maeneo yake yenye ulinzi mkali, polisi wa mchezo hawakuzuii kumshambulia asiye na hatia. Wanakuja baada ya wewe kushambulia, nao hawakosei: chombo chako kitateketezwa. Kwa hiyo wapo wanaopiga hesabu. Ikiwa mzigo wa mhanga una thamani kuliko chombo watakachopoteza, wanampiga hata hivyo na wenzao wanazoa. Uovu umewekewa bei, na mwenye kumudu bei hiyo anaununua. Kama hesabu, mfumo huu unavutia sana. Kama haki, haumfai mpwa wangu hata kidogo.

Sasa turudi nyumbani.

Wasukuma husimulia kwamba katikati ya karne ya 19 waliishi waganga wawili mahodari, Ngika na Gumha, wakashindwa kukubaliana nani ana dawa kali kuliko mwenzake. Wakaamua kuumaliza ubishi kwa ngoma. Wafuasi wa Ngika ndio Bagika, na wa Gumha ndio Bagalu, na mpaka leo vikundi vingi vya ngoma Usukumani vimo katika mojawapo ya pande hizo. Mavuno yakiisha, pande hizi hukutana kushindana. Bujora, karibu na jiji la Mwanza, padre Mkanada aitwaye David Clement aliyahusisha mashindano hayo na Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, nayo yakaitwa Bulabo, yaani maua. Yanaendelea hadi leo, kwa kawaida mwezi Juni.

Vikundi viwili vya pande pinzani hucheza kwenye uwanja mmoja, kwa saa ileile, kila kimoja upande wake. Hakuna jopo la waamuzi wala karatasi ya alama. Watazamaji huamua kwa miguu. Wanasogea kwenye ngoma inayowavuta, na palipojaa watu ndipo penye ushindi.

Ukisimama katikati ya uwanja huo unauona ushindi ukitembea. Vumbi limefika magotini. Kushoto, ningi, yule mtunzi na kiongozi wa nyimbo, ameanza ubeti mpya wa kumsema mpinzani, watu wanacheka. Ghafla kelele inapanda upande wa kulia: chatu ametolewa kwenye sanduku na mchezaji amemvisha shingoni kama skafu. Watoto ndio wanaotangulia kukimbia, kisha vijana, kisha akina mama wenye watoto mgongoni, na kwa muda mfupi tu ningi wa kushoto anaimbia migongo. Anaona kila kitu. Hawezi kwenda kumshika chatu yule, wala kumpiga teke mwenye ngoma. Analoweza ni kupiga zaidi, kutoa kinyago alichokificha tangu asubuhi, kuwarudisha.

Hayo ndiyo mapambano ya mchezaji kwa mchezaji. Nguvu zote zinatumika, matusi ya kisanii yanaruhusiwa, mtu anaaibishwa mbele ya kijiji chake na mbele ya wakwe zake. Lakini kila aliye uwanjani alijua anakwenda wapi. Siku ilitangazwa, upande wako unajulikana, na Bagika hawamvamii Mgalu njiani akirudi na pamba yake wakasema wameshinda ngoma.

Msomaji anaweza kuniuliza kuhusu dawa. Kila upande huwa na dawa zake za kuvuta watu, na dawa za kujikinga na za mwenzake. Haki iko wapi hapo? Jibu langu ni kwamba pande hizi zilianzia kwenye ubishi wa dawa, na kila mmoja anajua mwenzake anayo. Hakuna aliyewahi kuahidiwa kwamba mpinzani atakuja mikono mitupu. Kijana anayeweka kwenye simu yake programu ya siri inayomlengea shabaha yuko mbali kabisa na hapo, kwa sababu mwenzake aliingia akiamini wanatumia vidole. Mimi nawaweka karibu na huyo wale wanaouza silaha za ushindi kwa fedha halisi ndani ya michezo. Anayeshindwa haambiwi kwamba alishindwa na pochi ya mtu. Ipo michezo iliyolikataa jambo hili: Guild Wars 2, uliotoka mwaka 2012, katika viwanja vyake vya mapambano humpa kila mchezaji kiwango kilekile na vifaa vyenye nguvu sawa, hata awe ameanza kucheza jana.

Nina visa viwili kuhusu lile "si vizuri tu" la mpwa wangu. Mwaka 2006, mchezaji mmoja wa mchezo wa World of Warcraft alifariki dunia, kweli, si ndani ya mchezo. Marafiki zake, wengi wao hawakuwahi kuonana naye ana kwa ana, walipanga kumfanyia maombolezo ndani ya mchezo, mahali penye theluji, kando ya ziwa, kwa kuwa marehemu alipenda theluji na uvuvi. Walitangaza siku na saa. Wakaja wakajipanga mstari mbele ya mhusika wake. Kundi la upande pinzani lililojiita Serenity Now likawavamia, likawaua wote, likarekodi video na kuisambaza.

Seva waliyochezea ilikuwa ya mapambano. Kila aliyejiunga nayo alikubali kwamba anaweza kupigwa popote, wakati wowote. Kwa maandishi ya sheria hapakuwa na kosa, na wavamizi walijitetea hivyohivyo, tena wako waliowaunga mkono. Nimeitazama video hiyo mara moja na sikutaka kuirudia. Usukumani mtu akipita penye msiba hushuka kwenye baiskeli. Hakuna askari wa kumkamata asiposhuka, na anashuka.

Kisa cha pili kinakwenda kinyume, ndiyo maana nakiheshimu. Profesa David Myers wa Chuo Kikuu cha Loyola, New Orleans, aliingia katika mchezo wa City of Heroes akiwa na mhusika aliyemwita Twixt. Ndani yake kulikuwa na eneo lililotengwa mahususi kwa mashujaa na waovu kupigana. Aliwakuta wanapiga soga. Wachezaji wa pande zote mbili walikuwa wameligeuza eneo la vita kuwa kijiwe. Twixt akafanya kilichoandikwa: akawavuta waovu kwa uwezo wake wa kuhamisha watu na kuwatupa mbele ya mitambo ya ulinzi, wakateketea. Alitukanwa, akatengwa na wenzake wa upande wake mwenyewe, akatishiwa hata kuuawa. Myers aliandika kwa masikitiko kwamba jamii ile ilimwadhibu mtu kwa kufuata sheria.

Namwelewa Myers kwa sehemu. Vitisho vile vilikuwa uovu mtupu. Lakini alikuta watu wana makubaliano yao, akayavunja mbele yao kila siku, kisha akashangaa hawampendi. Ukichukua visa hivi viwili pamoja unaona kwamba sheria ya mchezo inasema nini kinawezekana tu. Makubaliano ya walio uwanjani ndiyo yanayosema kama tunapigana sasa hivi au la. Wachezaji wa Dark Souls, mchezo uliotoka mwaka 2011, walilijua hili bila kufundishwa: kwenye pambano la wawili wengi huinamiana kwanza, na anayekunywa dawa ya kujiponya katikati ya pambano hudharauliwa. Hakuna mahali mchezo unapoamuru hivyo.

Mbina, yaani ngoma hizi za mashindano za Usukumani, ina kitu kingine ambacho simu haina, nacho ni watazamaji. Ningi akishinda kwa hila chafu, wanaomtazama ndio haohao watakaomwalika mwakani, watakaomwozesha binti au kumnyima. Mvizia wa kivukoni hana mtazamaji. Jina alilotumia leo anaweza kulifuta kesho na kuanza upya. Waundaji wamejaribu kuziba pengo hilo kwa namba. Wametumia, kwa mfano, hesabu za mwanafizikia Arpad Elo, zilizoundwa kwa ajili ya sataranji, ili kukupanga na mtu wa kiwango chako. Namba hizo hufanya kazi nzuri ya kumzuia mwanafunzi asikutanishwe na bingwa. Kumwonyesha bingwa aibu haziwezi.

Na lipo jambo linalotuhusu sisi wa Simiyu ambalo huko wanakotunga michezo halifikiriwi vya kutosha. Mkongo wa SEACOM ulitua Dar es Salaam mwaka 2009 na hali ikawa bora sana, lakini seva nyingi za michezo hii ziko Ulaya, Asia au Mashariki ya Kati. Amri ya kidole cha kijana wa Bariadi inakwenda huko na kurudi. Ikichelewa sehemu moja au mbili za kumi za sekunde, mpinzani aliye karibu na seva ameshapiga na ameshakwepa. Ongeza umeme unaokatika na bando linaloisha saa mbaya. Katika michezo mingi, anayezima simu ili kukwepa kipigo huhesabiwa mwoga, na mhusika wake hubaki uwanjani kwa muda ili apigwe. Sheria hiyo ilitungwa kuwabana wajanja, na ni sahihi. Lakini inamwangukia vilevile mtu ambaye nguzo ya umeme mtaani kwao imeanguka, na mpinzani kule Ujerumani hawezi kujua tofauti.

Mwezi uliopita nilikuwa Bariadi. Mpwa wangu amehama mchezo ule wa kivukoni. Siku hizi yeye na wenzake wana utaratibu wao: mtu anatuma ujumbe wa kuomba pambano, anataja silaha, anataja saa, na wenzao wawili wanaingia kutazama. Nilikaa naye kwenye benchi nje ya kibanda cha kuchajia simu wakati anapigana na kijana mmoja ambaye hajawahi kumwona, anayeandika Kiswahili cha Kongo. Pambano lilikuwa kali. Mpwa wangu alikuwa karibu kushindwa, nusu ya damu yake imekwisha, na mimi nilishajikuta nimeshika ukingo wa benchi.

Mhusika wa yule mwingine akasimama ghafla, upanga umeinuliwa, hapumui.

"Mtandao umemkata," mpwa wangu akasema.

Pigo moja tu lingetosha. Akarudi nyuma hatua tatu, akashusha mkuki wake, akaweka simu gotini. Tukakaa. Mwenye kibanda akaniletea maji. Nikaangalia saa yangu: dakika ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, mmoja wa watazamaji akaandika, *mmalize basi*. Mpwa wangu hakujibu. Dakika ya nne upanga ule ukashuka, kijana wa Kongo akaandika neno moja, *aksanti*, wakainamiana, wakaanza tena.

Alishindwa.