LESENI YA TELEVISHENI YA WAYA VIJIJINI

Wananchi wa Unguja na Pemba, pamoja na watumishi wa Serikali walioko wilayani, wanaarifiwa kuwa televisheni ya waya huendeshwa kwa leseni, hata pale inapohudumia mtaa mmoja tu wa kijiji. Maelezo yafuatayo yanakusudiwa kuonesha sababu yake, kwani leseni isiyofahamika sababu yake huonekana kuwa ni usumbufu mtupu.

Mwanzo wa huduma hizi aghalabu huwa wa heri. Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde, na nyumba iliyo bondeni huweza kupata picha mbovu au isipate kabisa. Mwenye uwezo hununua ungo akauweka juu ya paa. Jirani akaomba naye avutiwe waya, na wa pili akafuata. Haupiti muda mrefu, waya umekwishapita juu ya minazi na mapaa ishirini, na kila nyumba inachangia fedha kila mwezi. Hivyo ndivyo televisheni ya waya ilivyoanza hata ughaibuni. Mnamo mwaka 1948 huko Marekani, wakaazi wa miji midogo ya Pennsylvania, na wa Astoria katika jimbo la Oregon, walivutiwa waya kutoka antena moja iliyowekwa mahali pa juu, kwa kuwa milima na umbali viliwanyima mawimbi majumbani mwao.

Mwenye ungo huweza kuuliza: ikiwa waya hautumii masafa ya hewani, leseni ni ya nini? Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Masafa ni mali ya umma yenye kikomo, na usimamizi wake uko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Lakini utangazaji si miongoni mwa mambo ya Muungano, na kwa upande wa Zanzibar ilikabidhiwa kazi hiyo Tume ya Utangazaji, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 1997. Kutogusa masafa hakumwondoi mtu mbele ya Tume. Anayetazama ungo wake nyumbani mwake ni mtazamaji. Waya ukishavuka ua kwenda kwa jirani kwa malipo, yeye ni mtoa huduma, na watu wengine wamekwishaingia katika shauri lake.

Wa kwanza ni wale wanaoishi chini ya waya wenyewe. Waya wa televisheni una uzi wa shaba katikati na wavu wa madini kuuzunguka, nao hupitisha umeme vizuri kama unavyopitisha picha. Ukitundikwa katika nguzo za Shirika la Umeme bila ya idhini, ukalegea kwa upepo wa kaskazi na kuangukia waya wenye moto, hatari haibaki nguzoni. Huweza kuingia katika kila nyumba iliyounganishwa, hadi nyuma ya televisheni ambapo mtoto hutia mkono. Radi nayo hufuata njia hiyo hiyo. Chumvi ya bahari hula viungo vya waya kimya kimya, na fundi aliyeviunga huenda amekwishahama kijiji. Kwa hiyo ramani ya njia ya waya, idhini ya mwenye nguzo na mpango wa kuuzamisha umeme wa radi ardhini si makaratasi ya kumchelewesha mwombaji. Pengine hakuna sehemu ya ombi iliyo na uzito zaidi.

Wengine ni wenye vipindi. King'amuzi kilicholipiwa kwa nyumba moja kimelipiwa kwa nyumba moja. Kukigawa kwa nyumba arubaini kwa malipo huvunja mkataba na wenye chaneli, na huweza kumfikisha mtu mbele ya Sheria ya Hakimiliki Namba 14 ya mwaka 2003. Hapa, ni haki kusema, ndipo penye ugumu wa kweli kwa mtu wa shamba, kwani wenye chaneli wako mbali na bei zao hupangwa kwa kufikiria miji. Tena, anayechomeka filamu zake mwenyewe katika waya amekwishaacha kupokea na kupeleka. Ameanza kutangaza, na filamu hizo ni jambo la Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni.

Zipo nchi zilizowapunguzia mzigo wadogo. Kanada, mwaka 2001, ilisamehe leseni kwa huduma za waya zenye wateja pungufu ya 2,000, na mwaka 2009 ikapandisha kiwango hicho hadi pungufu ya 20,000. Lakini masharti hayakufutwa: vituo vya karibu sharti vipelekwe kwa wateja, na vipindi vyao visichezewe. Msamaha huo ulitolewa na mamlaka, baada ya miaka mingi ya leseni. Hakujisamehe mtu mwenyewe.

Masheha na maofisa wa wilaya wanakumbushwa kuwa barua ya sheha huthibitisha kuwa mwombaji ni mkaazi anayejulikana. Si leseni, na isiandikwe kwa maneno yanayoweza kudhaniwa kuwa ni ruhusa ya kuvuta waya.

Mwenye nia ya kuanzisha huduma hii anashauriwa kuonana na Tume kabla ya kununua waya, akiwa na mchoro wa kijiji, idadi ya nyumba, orodha ya chaneli na maandishi ya wenye chaneli hizo. Mkaazi anayetakiwa kulipa aombe kwanza kuoneshwa leseni, naye achukue risiti kila alipapo, hasa akilipa miezi kadhaa mbele. Atakayeona waya wa televisheni umegusana na wa umeme asiushike wala asiuvute kwa mti. Awaweke watoto mbali na aliarifu Shirika la Umeme mara moja.