Unahama Apple Music kwenda Spotify? Usighairi kwanza

Leo tuongelee kitu kidogo tunachokilipia kila mwezi halafu tunakisahau: programu ya muziki.

Mimi nafunga oda za wateja usiku, na muziki lazima uwepo. Lakini hela yake inatoka mfuko uleule unaolipa boda na vifungashio. Apple Music haina toleo la bure la kudumu. Ukiacha kulipia, pleilisti zako hazipigi. Spotify, iliyoingia Tanzania na Kenya Februari 2021, ina toleo la bure lenye matangazo. Mwezi biashara ikiwa ngumu, naacha kulipia na bado nasikiliza. Ndiyo sababu nilihama. Utaratibu nilioufuata ni huu.

KWANZA ELEWA KINACHOHAMA

Wimbo uliopakua ndani ya programu hizi hujaununua. Faili lake limefungwa, linafunguka humohumo tu, tena usajili wako ukiwa hai. Kinachohama ni orodha: jina la wimbo, msanii, albamu. Ni kama kuhama fremu ukabeba daftari la mzigo, mzigo wenyewe ukabaki.

Kwa hiyo ukighairi kabla hujahamisha, unaweza kupoteza hata hilo daftari. Fuata mpangilio huu:

1. Fungua akaunti mpya ya bure. Ile ya zamani iache kama ilivyo. Usilipie popote bado.

2. Hamisha orodha. Zipo tovuti za kazi hii, kama TuneMyMusic na Soundiiz. Unaunganisha akaunti zote mbili, unachagua pleilisti, nayo inatafuta wimbo mmoja mmoja upande wa pili. Huduma ya bure ina kikomo cha nyimbo, kwa hiyo anza na pleilisti unazozisikiliza kweli. Anwani ya tovuti iandike mwenyewe, usibonyeze linki uliyotumiwa WhatsApp. Akaunti yako ya Apple ndiyo inayotunza picha za bidhaa na namba za wateja, usiifungulie mlango mtu usiyemjua.

3. Kagua kama unavyokagua mzigo. Pleilisti ilikuwa na nyimbo 120, huku zimefika 113? Tafuta hizo 7. Mara nyingi zinazokosekana ni mix za ma-DJ, nyimbo ulizoweka mwenyewe kutoka kwenye kompyuta, au nyimbo ambazo msanii hajaziweka upande wa pili. Angalia pia toleo. Unaweza kukuta umeletewa rimiksi au wimbo uliorekodiwa jukwaani badala ya ule unaoupenda.

4. Sikiliza siku tatu nne. Ukiridhika, ndiyo ulipie, kama unataka kupakua nyimbo. Pakua ukiwa kwenye wifi. Na kumbuka, Spotify inataka simu iingie mtandaoni angalau mara moja ndani ya siku 30, la sivyo ulizopakua zinajifunga.

5. Sasa ghairi ya zamani, tena palepale ulipolipia. Hapa ndipo hela za wengi zinapovuja. Kufuta programu kwenye simu SIYO kughairi usajili. Kadi itaendelea kukatwa. Kwenye iPhone, fungua mipangilio, gusa jina lako pale juu, ingia sehemu ya usajili, chagua Apple Music, ghairi. Ukighairi leo, mwezi uliokwisha kuulipia unaendelea kuutumia hadi tarehe yake, kwa hiyo hakuna haja ya kusubiri siku ya mwisho. Kama uko kwenye majaribio ya bure, ghairi angalau saa 24 kabla hayajaisha.

6. Ondoa ruhusa. Tovuti ya kuhamishia imemaliza kazi. Ingia kwenye akaunti zako, sehemu ya programu zilizounganishwa, uitoe.

PIGA HESABU YA BANDO

Usajili ni gharama moja, bando ni nyingine. Ndani ya mipangilio ya Spotify unachagua ubora wa sauti, na tofauti ni kubwa. Kwa saa moja:

– Ubora wa chini (kbps 24): kama MB 11
– Wa kawaida (kbps 96): kama MB 43
– Wa juu (kbps 160): kama MB 72
– Wa juu sana (kbps 320): kama MB 144

Ukisikiliza saa 4 kwa siku, ubora wa kawaida unakula kama MB 173, wa juu sana kama MB 576. Kwa spika ndogo ya mezani, mimi nimeweka wa kawaida na sioni shida. Bando linalobaki ni la kupostia bidhaa.

KABLA HUJAWEKA WIMBO KWENYE TANGAZO

Wapo wanaodhani wakishalipia, wanaweza kutumia wimbo wowote kuuzia. Hapana. Masharti ya Spotify na Apple Music ni kwa matumizi binafsi, siyo ya biashara. Ukiwa live unauza huku wimbo unapiga nyuma, mtandao unaweza kuutambua na kukuzimia sauti au kukukata kabisa, wateja wakiwa katikati ya kuagiza. Kuhama programu hakubadilishi hilo.

Kwa video za bidhaa, tumia muziki ulioruhusiwa. TikTok ina maktaba ya muziki wa kibiashara kwa akaunti za biashara, Meta ina mkusanyiko wake wa sauti, na YouTube ina maktaba ya sauti ya bure kwa wanaopandisha video. Na kama una duka la wateja kuingia, kupiga muziki dukani kunahitaji kibali chake. Risiti ya Spotify haihesabiki.

KWA KIFUPI: fungua, hamisha, kagua, lipia, ghairi, ondoa ruhusa. Ukishaghairi, andika kwenye simu tarehe ambayo huwa unakatwa. Siku hiyo ikifika, angalia salio. Kama hela haijaguswa, umehama kweli.

Mtumie na mwenzako ambaye bado anakatwa hela ya programu aliyoifuta zamani.