Muziki Juu ya Karatasi (2): DJ Boyie, Koyuki na Kijana wa Ruvuma

Na Mchangiaji Wetu, Songea

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tuliifuata njia ya katuni nchini mwetu, tangu Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru hadi jarida la Sani, ambalo wahusika wake kama Ndumilakuwili na Lodi Lofa walilizoesha jicho la msomaji kufuata kisa kutoka picha hadi picha. Tuliishia kwenye swali moja: mchoraji atausimuliaje muziki ilhali karatasi haina sauti?

Leo tunalijibu kwa kupima kazi mbili, moja ya jirani zetu wa Kenya na nyingine ya Japani, zote zikiwahusu vijana wanaotaka kusikika. Kila moja ina sifa zake na kasoro zake. Nitazitaja zote waziwazi, kwa kuwa wapo vijana hapa Songea, kuanzia Lizaboni hadi Bombambili, wenye mkono mzuri wa kuchora lakini ambao bado wanatafuta hadithi ya kuchora.

Redio ya chumbani

Katuni ya Shujaaz ilianza Nairobi mwaka 2010, ikitolewa na kampuni ya Well Told Story. Ilitoka kila mwezi na ilikuwa ya bure: nakala nyingine ziliingizwa ndani ya gazeti la Daily Nation, nyingine zikagawiwa kwenye vibanda vya M-Pesa. Mhusika mkuu ni Boyie, kijana wa miaka 19 aliyemaliza shule na hana kazi. Machoni pa wazazi wake ni kijana wa kukaa tu. Hawajui kwamba chumbani mwake ameunda mtambo wa redio na kwamba yeye ndiye DJ B, anayerusha matangazo bila leseni huku vijana wenzake wakimsikiliza.

Tuukumbuke wakati wenyewe. Kenya ilikuwa imetoka katika machafuko ya uchaguzi wa Desemba 2007, na kijana asiye na kazi alikuwa akitazamwa kama hatari inayosubiri kulipuka. Kumchukua kijana huyohuyo na kumfanya shujaa, mwenye akili, utundu na huruma kwa wenzake, kulihitaji ujasiri. Hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya Shujaaz, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote.

Sifa ya pili ni lugha. Wahusika walizungumza Sheng, kama vijana wa Nairobi wanavyozungumza wakiwa peke yao, bila mwalimu mlangoni. Mwaka 2015, Shujaaz ilipovuka mpaka kuja Tanzania, waandishi hawakumchukua Boyie na kumbadilishia maneno tu. Walimuumba kijana mwingine, DJ Tee, mwenye mazingira na usemi wa hapa. Walifanya vyema. Kijana wa Mfaranyaki, hapa Songea, akiisoma Sheng anaelewa nusu, na nusu nyingine anabaki mgeni.

Sifa ya tatu inagusa moja kwa moja swali letu la sauti. Watunzi hawakukubali kufungwa na ukimya wa karatasi. Waliitengeneza redio ya kweli. Kipindi cha DJ B kilirushwa katika vituo vya FM, na msomaji aliyemwona kijana huyo kwenye picha aliweza kumsikia. Vijana wakamwandikia kwa ujumbe wa simu na Facebook, wakimweleza shida zao kana kwamba ni mtu wa mtaa wa pili, naye akawajibu. Haishangazi kwamba kazi hii ilipata tuzo ya International Emmy.

Tuje kwenye kasoro. Shujaaz iligharimiwa na wafadhili waliotaka vijana wapate maarifa ya kilimo, akiba, afya ya uzazi na haki za raia. Nia hiyo ni njema, na baadhi ya visa vyake vilikuwa na manufaa ya papo kwa papo, kama kile cha kuwapaka vifaranga rangi ili mwewe asiwatambue. Lakini hadithi inayoanzia kwenye somo hulazimika kurudi kwenye somo. Msomaji mzoefu anaujua mwisho kabla ya kufika katikati: tatizo litatokea, maarifa yataletwa, mambo yatanyooka. Muziki ndio unaoumia zaidi hapo. Boyie anaitwa DJ, lakini uzito wa kurasa uko kwenye anachokitangaza, na kuhangaika kwake na muziki wenyewe kunapewa nafasi ndogo. Namna anavyochagua wimbo, anavyoharibu na kurudia, anavyotafuta mdundo unaowagusa watu, hayo yote yanapita pembeni.

Kasoro ya pili inazaliwa na ile sifa ya redio. Sauti ikishapatikana nje ya karatasi, mchoraji hana tena haja ya kuisaka ndani yake. Kijana mbele ya kipaza sauti na kiputo cha maneno juu ya kichwa chake vinatosha. Ukikifuta kile kiputo, mara nyingi huoni tena kwamba pale palikuwa na muziki.

Bendi ya Koyuki

Wajapani waliliendea jambo hili kwa njia nyingine. Katuni zao, zinazoitwa manga, kwa kawaida huchapwa kwa wino mweusi kwenye karatasi ya bei nafuu, huanzia katika majarida na kisha hukusanywa kuwa vitabu. Moja ya manga mashuhuri juu ya bendi ya vijana ni BECK, kazi ya Harold Sakuishi, iliyotoka kuanzia mwaka 1999 hadi 2008 katika jarida la mwezi la kampuni ya Kodansha, ikafikia vitabu 34.

Kisa chake ni chepesi kukisimulia. Yukio Tanaka, anayeitwa Koyuki, ana miaka 14 na maisha yake hayana ladha. Siku moja anamwokoa mbwa wa ajabu aliyekuwa akiteswa na watoto. Mwenye mbwa ni Ryusuke, kijana mpiga gita aliyelelewa New York. Ryusuke anaunda bendi inayopewa jina la mbwa wake. Koyuki, ambaye hata kushika gita hajui, anaanza kujifunza kwa mtu mzima aitwaye Saito, ambaye pia anamfundisha kuogelea.

Sifa kuu ya BECK ni kuuheshimu muda. Kurasa nyingi zinatumika kumwonyesha mtoto asiyejua akigeuka polepole kuwa mtu anayejua kiasi. Anakosea, anachekwa, anarudia. Bendi inapiga mbele ya watu wachache, inagombana juu ya fedha na juu ya nani aongoze, inavunjika, inaungana tena. Yeyote aliyewahi kuimba kwaya au kupiga ala katika kikundi atayatambua yote hayo, awe wa Peramiho au wa Tokyo.

Sifa ya pili ni namna Sakuishi anavyoichora sauti. Wimbo unapofika kileleni, maneno yanatoweka. Vijisanduku vya picha vinapanuka hadi kumeza ukurasa mzima. Tunaona mdomo uliofunguka, jasho, vidole kwenye nyuzi, kisha nyuso za wasikilizaji mmoja mmoja, hadi yule aliyekuwa akiondoka anageuka. Bendi hii inapopangiwa jukwaa dogo katika tamasha kubwa, tunaujua ubora wa wimbo kwa kuuangalia umati ukibadilika. Kila msomaji anajitungia kichwani sauti nzuri kuliko zote anazoweza kuziwaza. Filamu ya BECK ya mwaka 2010 ilithibitisha nguvu hiyo: Koyuki anapoimba, mtazamaji hasikii sauti yake kabisa. Watengenezaji wa filamu, wenye vipaza sauti na waimbaji wa kuchagua, waliona heri kukopa ukimya wa karatasi.

Hata hivyo BECK nayo ina kasoro nzito. Baada ya kutuonyesha jasho la mazoezi, inaamua mambo makubwa kwa sauti ya Koyuki, kipaji alichozaliwa nacho. Kijana asiye na sauti hiyo ajifunze nini? Pili, hadithi inaingiza majambazi wenye bunduki na gita lenye matundu ya risasi, kana kwamba mwandishi aliogopa kuwa mapambano ya muziki peke yake hayatamshika msomaji. Tatu, Maho, dada yake Ryusuke, ana akili na anaimba vizuri, lakini hadithi inamweka zaidi kuwa msichana anayependwa na Koyuki. Nne, vitabu 34 ni vingi, na mzunguko wa kuvunjika na kuungana unajirudia hadi unachosha.

Kasoro ya tano inatuhusu sisi moja kwa moja. Katika BECK, Marekani ndiyo mizani. Wimbo unahesabika kuwa umekomaa pale masikio ya Marekani yanapoukubali. Ugonjwa huo tunaufahamu. Wahenga wetu walisema mcheza kwao hutunzwa, nasi tumezoea kungoja mgeni atunze ndipo na sisi tupige makofi.

Mganda wetu

Sasa swali lina njia ya kujibiwa hapa kwetu. Mkoa wa Ruvuma una mganda, ngoma iliyokua kandokando ya Ziwa Nyasa ikiiga bendi za kijeshi za enzi za ukoloni. Wanaume hujipanga mistari, wakiwa na sare safi, wakifuata ngoma kubwa na vibuyu vyenye utando unaovuma. Vikundi vina viongozi wenye vyeo, vina nidhamu ya mazoezi, na vinashindana kijiji kwa kijiji. Kila kitu ambacho hadithi ya bendi inakihitaji kimo humo: mwanafunzi asiyejua, mwalimu mkali, mpinzani, ugomvi wa cheo, safari na siku ya mashindano.

Tena mganda unampa mchoraji kitu ambacho gita halikumpa Sakuishi. Huu ni muziki unaoonekana. Hatua thelathini zinazokanyaga kwa pamoja, vumbi linaloinuka, mstari unaopinda na kunyooka, hayo ni mapigo yanayoweza kuhesabiwa kwa jicho. Ndivyo ilivyo pia kwa lizombe ya Wangoni. Mchoraji wa Songea anaweza kuuonyesha mdundo bila kiputo hata kimoja.

Na aanze na wino mweusi. Shujaaz ilikuwa ya rangi na ya bure, ndiyo maana ilihitaji mfadhili, na mfadhili alihitaji somo. Manga inauzwa, na msomaji anayelipa anadai jambo moja tu: kisa kimshike. Kurasa nane nyeusi na nyeupe zinaweza kutolewa nakala katika duka lolote la mjini na kuuzwa kwa bei ya mwanafunzi. Vijana wachukue kwa Shujaaz ujasiri wa kumheshimu kijana wa mtaani na lugha yake. Kwa BECK wachukue subira ya kuonyesha kazi ya kujifunza. Mafunzo ya kubandika mwishoni na ndoto ya kusifiwa ng'ambo waviache. Msomaji wa kwanza wa hadithi hiyo awe kijana wa Ruvuma, na akiipenda, imefaulu.

Sehemu ya tatu itamwangalia msichana katika katuni zetu, na kwa nini mara nyingi anachorwa akisikiliza wakati angeweza kuchorwa akiongoza ngoma.

*Itaendelea.*