Chura ndani ya kioo: amana inayodai maji, ubaridi na subira

Katika kurasa hizi za familia tumezoea kuzungumzia malezi, afya na matumizi ya nyumbani. Wiki hii tunawaomba wasomaji watuvumilie tuzungumze juu ya chura. Vijana kadhaa wa mitaa yetu ya Kariakoo na Gerezani wameona katika simu zao picha za vyura wadogo wenye rangi za kupendeza, wanaofugwa Ulaya na Marekani ndani ya masanduku ya kioo yaliyopandwa mimea, nao wanawaomba wazazi wao wawanunulie. Wazazi wametuletea maswali mawili: je, jambo hili linafaa? Na mnyama huyo hutunzwaje asife?

Vyura hao asili yao ni misitu ya mvua ya Amerika ya Kati na ya Kusini. Baadhi ya wenyeji wa Colombia walipaka sumu yao kwenye vishale vya kupuliza, ndiyo maana wakaitwa vyura wa mishale. Sumu hiyo hutokana na sisimizi na vidudu wengine wanaowala msituni. Aliyezaliwa na kulishwa nyumbani huwa hana sumu. Kwa hiyo aliye hatarini zaidi katika ufugaji huu ni chura mwenyewe.

Ushahidi wa jambo hilo tunao hapa nchini. Mwaka 1996, wataalamu waliokuwa wakichunguza mazingira ya mradi wa umeme wa Kihansi, katika milima ya Udzungwa, waligundua chura mdogo wa rangi ya manjano ambaye hakuwa akijulikana. Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa walioandika maelezo yake ya kwanza ya kitaalamu. Chura huyu hafikii sentimita tatu, wala hatagi mayai kama vyura wengi, bali huzaa watoto walio hai. Makazi yake yote duniani yalikuwa hekta chache kando ya maporomoko, zikiloweshwa usiku na mchana na rasharasha ya maji.

Mto ulipogeuzwa kuendesha mitambo yenye uwezo wa megawati 180, rasharasha ile ikapungua mno. Umeme wake umeingia katika gridi ya taifa, nasi sote tunautumia. Mabomba ya kunyunyizia maji yalitandazwa bondeni na vyura wakaongezeka tena, lakini mwaka 2003 idadi yao ikaporomoka ghafla, na maradhi ya kuvu ya ngozi yaitwayo kitridi yakagunduliwa miongoni mwao. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini wametoweka.

Waliosalia ni wale waliokuwa ndani ya vioo. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikuwa wamepelekwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na baadaye wengine wakatunzwa Toledo, Ohio. Miaka ya mwanzo wengi walikufa, ingawa walikuwa mikononi mwa mabingwa. Ilibidi watunzaji wajifunze upya habari ya mwanga, lishe, maji na maradhi mpaka kizazi kikatengemaa. Mwaka 2010 vyura 100 walirejeshwa nchini na kuwekwa katika chumba maalumu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi. Ikiwa mabingwa walipata tabu kiasi hicho, mzazi na apime uwezo wa nyumba yake kwa mambo manne.

La kwanza ni maji. Chura hanywi kwa kinywa. Ngozi yake ndiyo inayokunywa, na hata kupumua. Kila kinachoigusa huingia mwilini. Maji ya bomba huwa na klorini, na visima vingi vya katikati ya jiji vina chumvi. Kuyaacha maji wazi kutwa nzima hupunguza klorini, lakini chumvi hubaki. Bora ni maji ya mvua yaliyokingwa baada ya paa kusafishika. Sanduku linyunyiziwe asubuhi na jioni, na chini ya udongo pawe na tabaka la kokoto ili maji yasituame kwenye mizizi.

La pili ni joto. Vyura wa mishale hustawi kati ya nyuzi 22 na 27. Zikipita 30 maisha yao huwa hatarini. Ghorofani Kariakoo, kuanzia Desemba hadi Machi, nyuzi 30 ni jambo la kila mchana, na kioo kilichopigwa na jua hugeuka tanuri. Anayetegemea kiyoyozi ajiulize itakuwaje umeme ukikatika.

La tatu ni chakula. Chura hula kilicho hai na kinachotembea: inzi wadogo wa matunda, wanaoweza kuzalishwa kwenye ndizi mbivu, wakipakwa unga wa kalsiamu na vitamini. Mdudu aliyeokotwa jikoni palipopulizwa dawa ya mende atamuua.

La nne ni usafi. Chura si wa kushikwashikwa. Mikono ioshwe na sabuni yote isuuzwe kabla ya kugusa chochote sandukuni, na ioshwe tena baadaye. Mgeni atengwe siku zisizopungua 30. Maji machafu ya sandukuni yasimwagwe mtaroni, kwa kuwa maradhi kama ya Kihansi husafiri kwa maji. Chura aliyeacha kula, au anayechubuka ngozi isivyo kawaida, apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Je, inafaa? Imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kwamba tabibu mmoja alimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya kumtia chura katika dawa, naye akakataza kumuua. Na habari ya mwanamke aliyemfungia paka bila chakula twaifahamu sote. Anayemfungia kiumbe amebeba amana, na vyura hawa wakitunzwa vyema huweza kuishi zaidi ya miaka kumi. Zaidi ya hayo, wanyamapori wana sheria yake ya mwaka 2009 na kuwamiliki kunahitaji kibali. Hata wale vyura wa Jangwani, ambao watoto huwabeba katika chupa wakati wa masika, waachwe walipo.

Ushauri wetu kwa mzazi ni huu: mtengenezee mtoto sanduku la kioo lenye kokoto, udongo na mimea tu, bila mnyama. Mpe kipimajoto na daftari, aandike joto asubuhi, adhuhuri na jioni, na anyunyizie maji kila siku kwa miezi mitatu, mitihani ikiwemo. Mwisho wake msome daftari pamoja. Kurasa zikionyesha nyuzi 31 kila adhuhuri, au siku zilizorukwa, jibu limepatikana bila chura hata mmoja kufa, na mimea itabaki kuwa pambo la nyumba.