Neno Lililofichwa Ndani ya Soweto

Wakazi na makondakta wa Mbeya hulitaja jina la Soweto kila siku. Ni wachache watambuao kwamba ndani yake limo neno la Kiingereza, township.

Kwa asili neno hilo lina maana ya mji mdogo tu. Lakini Makaburu wa Afrika Kusini walilitia sumu. Kwao lilikuwa eneo la pembezoni walikotengwa watu weusi: mchana wafanye kazi Johannesburg, jioni waondoke mjini. Mwaka 1963 maeneo hayo ya kusini-magharibi mwa jiji, South Western Townships, yalipewa jina la mkato: Soweto.

Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa huko waliandamana kupinga kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana. Polisi wakawapiga risasi. Ndiyo asili ya Siku ya Mtoto wa Afrika, iadhimishwayo tangu 1991.

Hivyo, ndugu mzazi, mwanao akikuuliza maana ya Soweto, usimjibu kuwa ni jina la mtaa tu. Mweleze kwamba jina lililotokana na ubaguzi, watoto wenzake waliligeuza kuwa jina la ushujaa.